Kambi ya Watoto Kando ya Ziwa

Upande wa kaskazini wa nchi ya Marekani mwaka una majira manne. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba na njia, hata maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama jiwe. Kwa sababu hiyo watoto wa huko huungojea wakati wa joto kwa hamu nyingi. Mwezi wa Juni shule hufungwa, wala nyingi hazifunguliwi mpaka mwisho wa Agosti au Septemba. Zamani mtoto wa shamba hakukosa kazi katika miezi hiyo, maana ndiyo miezi ya kukata majani na kuvuna. Lakini mtoto wa mjini alizurura tu katika njia zenye vumbi na moshi wa viwanda.

Mtu mmoja aliyewafikiria watoto hao alikuwa Bwana Sumner Dudley. Hakuwa padre wala mwalimu; yeye na jamaa zake walikuwa na biashara ya kutengeneza vyombo vya waganga wa kupasua. Walakini alipenda kukisaidia Chama cha Vijana wa Kikristo, yaani Y.M.C.A., kilichoanzishwa London mwaka 1844. Mwaka 1885 aliwachukua wavulana saba wa mji wa Newburgh, akaenda nao kwenye ziwa liitwalo Orange Lake, wakakaa katika hema siku chache. Walivua samaki, walipiga makasia, waliogelea, tena walisoma Biblia pamoja. Nao kwa kuwa walikuwa wamekatwa nywele fupi sana kabla ya kuondoka, waliiita kambi yao kwa mzaha Kambi ya Vipara.

Wavulana saba si wengi. Lakini mwaka uliofuata walikuja zaidi, hata baada ya muda Bwana Dudley aliacha biashara yake akashika kazi ya vijana. Mwaka 1891 kambi ilihamia Ziwa Champlain, ambalo urefu wake ni kilometa 190 hivi, nalo limekaa kati ya New York na Vermont, na kwa upande wa magharibi huonekana milima ya Adirondack. Bwana Dudley alikufa mwaka 1897, naye hakuwa mzee. Kambi ikapewa jina lake, ikaitwa Camp Dudley, na hata leo ingali ikipokea watoto hapo Westport, kando ya ziwa lile lile. Kila mtoto aingiapo hupewa namba yake, wala haipewi mtu mwingine. Yuko mzee mwenye mvi ambaye akiwaandikia rafiki zake wa kambini huiweka namba ile baada ya jina lake.

Tangu siku za Orange Lake kambi za namna hii zimekuwa nyingi sana, za wavulana na za wasichana, na desturi zao zafanana. Alfajiri hulia tarumbeta au kengele. Watoto hunawa, hutandika vitanda, hufagia hema au nyumba yao, kisha mkubwa mmoja huja kutazama kama kazi imefanywa sawasawa. (Mtoto ambaye nyumbani hajapata kushika ufagio huipata elimu hiyo upesi, maana akiacha takataka chini ya kitanda, wenzake wote hushindwa pamoja naye.) Baada ya chakula huwa na saa ya kusoma Biblia na kuomba, na baadaye michezo, kazi za mikono na matembezi ya mlimani. Jioni huuzunguka moto, wakaimba na kusimulia hadithi.

Lakini jambo lishikwalo kwa ukali kuliko yote ni kuogelea. Mtoto aweza kusamehewa akichelewa kula. Katika maji hakuna mchezo. Kwanza hupimwa, ijulikane kama ajua kuogelea au hajui, na asiyejua hubaki mahali pa maji mafupi, ndani ya kamba zenye maboya. Kisha hupewa mwenzi mwenye nguvu kama zake. Pwani pana ubao mkubwa, na kila mtoto ana kibao chake kidogo chenye jina. Akiingia majini hukigeuza au hukitundika, na akitoka hukirudisha mahali pake. Kila baada ya dakika chache msimamizi hupiga filimbi. Hapo hapo kila mmoja humshika mwenzi wake mkono, wakaiinua mikono yao juu, nao wasimamizi huwahesabu wawili wawili, wakalinganisha hesabu na ubao. Ikipungua, wote hutolewa majini mara moja na kutafuta kunaanza, hata kama kisa ni mtoto aliyekwenda kula na kusahau kibao chake. Kwa nini ukali huo? Kwa sababu mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa chake kina maji, hana pumzi ya kuita, na dakika chache tu zatosha kumwua katikati ya wenzake wanaocheka.

Neno kuu la Camp Dudley, likitafsiriwa, ni hili: Mwenzako kwanza. Majini maana yake huonekana waziwazi. Mahali pengine haikuonekana hivyo. Kambi nyingi za Kikristo za Marekani zilifundisha upendo wa jirani, na huku kwa miaka mingi hazikuwapokea watoto weusi, au ziliwatenga katika kambi zao peke yao. Mwaka 1946 baraza kuu la Y.M.C.A. la nchi hiyo liliazimia kwamba ubaguzi huo uondolewe, lakini azimio ni maneno, na mahali pengi ilipita miaka mingine mingi kabla watoto hawajaketi pamoja penye moto mmoja.

Iko shida nyingine isiyohesabiwa kwa filimbi, nayo ni kutamani nyumbani. Mchana mtoto mgeni hucheza vizuri. Usiku, taa zikizimwa, humkumbuka mama yake, akajifunika blanketi kichwani ili wenzake wasisikie. Wasimamizi wenye akili hawamcheki wala hawamkemei. Humpa kazi, hasa kazi ya kumsaidia aliye mgeni zaidi kuliko yeye. Baada ya chakula cha mchana iko saa ya kulala na kuandika barua, naye huandika: Mama, njoo unichukue. Barua hiyo hupelekwa posta, ikafika nyumbani baada ya siku mbili tatu. Mama huisoma akalia, akataka kuondoka saa ile ile. Na huku mwanawe yuko ziwani, anashindania kasia na wenzake, wala hakumbuki tena aliandika nini.