Simu na Miadi: Mafunzo Niliyopata Kati ya Kitswamba na Bwera

Nilichumbia Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, nikitokea Kitswamba. Kukutana kulitaka nauli ya teksi hadi mji wa Kasese, kisha nauli nyingine kutoka hapo, kwa hiyo muda wa kukaa pamoja tulikuwa tunaununua. Ndiyo maana suala la simu kwenye miadi nalichukulia kwa uzito.

1. Kubalianeni ni saa ya wapi. Mchumba wangu aliuza vitenge na mara nyingi alivuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi. Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa moja, na karibu na mpaka simu inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo, saa yake ikajibadilisha bila wewe kujua. Ukiambiwa "tuonane saa kumi," uliza: ya Bwera au ya Kasindi? Nimeona wapenzi wakinuniana kwa kosa la mnara.

2. Ukishanawa, simu isiguswe. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kwetu Bakonzo, obundu, ugali wetu wa muhogo, huliwa kwa mkono. Mhudumu analeta birika na beseni, mnanawa, ugali unafika ukifuka mvuke pamoja na ngege wa Ziwa George. Sasa mtu anamega tonge, analichovya kwenye mchuzi, mara simu inalia. Anafuta kidole kwenye suruali ili afungue wasapu. Mwenzake anabaki ameshika mwiba wa samaki, hajui amalize hadithi yake au anyamaze. Kwa macho yangu, huo ni utovu wa adabu, hata kama ujumbe wenyewe ni wa sekunde chache. Na kuilaza simu kifudifudi mezani hakusaidii: kila ikitetema, macho ya wote wawili yanaishukia. Iwe mfukoni au kwenye mkoba.

3. Simu ya nyumbani ipokelewe. Hapa sina ukali. Mto Nyamwamba, unaopita mjini Kasese, ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na mwenye wazazi bondeni mwake hawezi kuambiwa azime simu msimu wa mvua. Sema mapema: "Mama akipiga nitapokea." Kisha pokea hapo hapo mezani. Anayetoka nje kunong'ona ndiye anayezua shaka.

4. Picha kwa ruhusa tu. Ukimweka mchumba wako kwenye stetasi ya wasapu kabla hujafika kwao, kaka zake watakuona kabla ya baba yake kukujua, na mazungumzo ya mahari yataanza vibaya.

5. Zimeni data kwa hiari. Intaneti ilipozimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, tulibaki na simu za kawaida za kupanga mahali pa kukutana. Siitetei hatua ile, kwani iliwaumiza wengi wanaoishi kwa biashara. Lakini mchana ule tuliokaa Bwera bila wasapu, nilisikia kwa mara ya kwanza jinsi alivyoanza kuuza vitenge kwa mtaji wa nyanyake, na kwa nini hataki kuacha kazi hiyo hata akiolewa. Ni jambo nililohitaji kulijua kabla ya kupeleka wazee kwao, na tangu siku hiyo tunazima data kabla ya kuagiza chakula.