Kuupiga Picha Mwezi Mpevu



Wengi waliopata kuupiga picha mwezi wa usiku wa kumi na nne wamekutwa na jambo moja. Jicho liliona duara zuri lenye mabaka yake, lakini picha ikatoka na doa jeupe tupu, mfano wa taa iliyotundikwa gizani. Baadhi yao huilaumu kamera kuwa ni duni, na wengine husema kuwa mwezi haupigiki picha ila kwa vyombo vya wataalamu. Maneno hayo si sahihi. Kosa limo katika dhana ya mpigaji: amedhani kwamba, kwa kuwa yeye yumo usikuni, basi mwezi nao umo usikuni.

Yapasa ifahamike kuwa mwezi hauna nuru yake wenyewe, bali huipata kutoka kwa jua. Jua liko mbali nasi kiasi cha kilometa milioni 150, na mwezi uko mbali nasi kwa wastani wa kilometa 384,400 tu. Mbele ya umbali mkubwa kama ule, dunia na mwezi ni kama majirani wa ukuta mmoja, na jua huumulika mwezi kwa nguvu ile ile linayotumulikia sisi mchana. Usiku wa mwezi mpevu, upande wote tunaouona ni mchana mtupu. Anayeupiga picha anapiga ardhi ya mawe na vumbi iliyo juani. Tena ardhi hiyo si nyeupe hata kidogo: hurudisha kiasi cha asilimia 12 tu ya nuru inayoipata, nayo yakaribia weusi wa barabara ya lami. Yaonekana nyeupe kwa sababu imezungukwa na anga jeusi.

Hapo ndipo kamera inayojipimia nuru yenyewe inapopotea. Sehemu kubwa ya picha ni giza, basi hukata shauri kuwa nuru nyingi inahitajika, ikauacha wazi mlango wa lenzi kwa muda mrefu, na mwezi ukaungua ukawa doa. Dawa yake ni kuiondolea kamera amri hiyo na kuiamrisha wewe mwenyewe. Kanuni iliyozoeleka ni hii: weka tundu la lenzi kwenye f/11, na muda uwe sehemu moja ya sekunde kwa hesabu ya unyeti wa filamu au wa kamera. Ukitumia ISO 100, muda ni 1/100 au 1/125 ya sekunde. Ukitumia ISO 400, ni 1/400 au 1/500. Linganisha na picha ya mchana wa jua kali, ambapo hutumiwa f/16 kwa muda kama huo, nawe utaona kuwa tofauti ni ndogo mno.

Huenda msomaji akauliza: Ikiwa ni hivyo, mbona John William Draper wa New York, aliyeonyesha picha ya mwezi mwaka 1840, alihitaji dakika 20? Jibu ni kwamba mabamba ya fedha ya zama zile yalikuwa mazito sana kuipokea nuru. Mwezi haujabadilika, kilichobadilika ni chombo. Mwaka 1851 John Adams Whipple, akitumia darubini kubwa ya chuo cha Harvard, alipata picha nzuri iliyopewa nishani katika Maonyesho Makuu ya London.

Ama kuhusu ukubwa, jicho hutudanganya tena. Mwezi uchomozapo nyuma ya minazi huonekana mkubwa ajabu, na ukifika utosini huonekana umepungua. Pima mwenyewe: upige picha mara mbili kwa lenzi ile ile, wakati wa kuchomoza na baada ya saa chache, kisha ipime miduara hiyo miwili kwa rula. Utaikuta iko sawa. Kwa lenzi ya milimita 50 mwezi huchukua chini ya nusu milimita kwenye filamu. Kwa lenzi ya milimita 200 hufika karibu milimita 2. Hivyo basi, anayetaka kuyaona mabaka yake atumie lenzi ndefu au darubini, na kamera aisimamishe juu ya stendi ya miguu mitatu. Pia akumbuke kuwa mwezi hautulii: kwa kila dakika 2 husogea angani kiasi cha upana wake mzima.

Na saa iliyo bora ni ipi? Mwezi mpevu huchomoza takriban wakati jua linapotua. Kwa dakika chache nchi bado ina nuru ya kutosha, na picha moja yaweza kuuchukua mwezi pamoja na nyumba na miti. Fursa hiyo hupita upesi. Mwaka 1941 Ansel Adams, mpigapicha wa Marekani, aliuona mwezi uliokaribia kutimia ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, huku jua la jioni likiimulika misalaba ya makaburini. Alitafuta kifaa chake cha kupimia nuru asikipate. Lakini alikijua kwa moyo kiwango cha mng'ao wa mwezi. Akapiga hesabu, akapiga picha. Kabla hajawahi ya pili, nuru ilikuwa imekwisha ondoka juu ya misalaba.

Miaka mingi baadaye Adams mwenyewe hakuwa na hakika ya tarehe, akautaja mwaka huu mara hii na mwaka mwingine mara nyingine. Mwaka 1991 Dennis di Cicco, mwenye ujuzi wa elimu ya nyota, alipima mahali pa mwezi katika picha, akakokotoa kuwa ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 jioni. Mwenye picha alikuwa amesahau, lakini picha yenyewe ilishuhudia.

Yafaa tulizingatie jambo hilo katika zama zetu. Mwezi Machi 2023 mtu mmoja alichukua picha ya mwezi, akaififisha kusudi hata mabaka yakapotea, akaionyesha kwenye kioo cha kompyuta ndani ya chumba chenye giza, kisha akaipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikatoa mwezi wenye mabaka ambayo hayakuwamo kwenye kioo. Kampuni ilieleza kuwa programu ya simu huutambua mwezi na kuitengeneza picha yake. Picha ya namna hiyo yaweza kupendeza, lakini haiwezi kutegemewa kama ile ya Adams, kwa kuwa imesema isichokiona.

Basi, msomaji mpenzi, usiku wa kumi na nne ujao toka nje na chombo ulicho nacho. Kizuie kisijiamulie, na ukipe kipimo cha mchana. Huenda picha yako ya kwanza ikawa ndogo, na mabaka yake hafifu. Usione haya kuionyesha kama ilivyo, kwani shahidi hapunguziwi heshima kwa uchache wa maneno yake, maadamu amesema aliyoyaona.