Mikono ya Musa ilipochoka

Somo la familia: Kutoka 17:8-13



Katika fungu hili Yoshua anapigana na Amaleki, na Musa yuko kilimani ameinua mikono. Mikono ikawa mizito. Haruni na Huri hawakumwambia aongeze imani. Walimletea jiwe akalikalia, kisha wakaishika mikono yake, mmoja upande huu, mwingine upande ule, mpaka jua likatua.

Tumelikumbuka fungu hili kwa ajili ya mama mmoja wa hapa Nyarugusu. Anamtunza mama mkwe wake, bibi anayesahau kama amekula, na usiku anafunga mzigo arudi Fizi. Majirani wakasema ni uchawi. Nasi wachungaji, tukiri, tulikwenda mara tatu kukemea pepo, tukaondoka bila kumwuliza yule mama kama analala. Alipoacha kuja ibadani tulimhesabu kati ya waliorudi nyuma. Kumbe hakuwa na mtu wa kumwachia mgonjwa.

Huu ni ugonjwa wa ubongo, si laana. Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza aina yake inayojulikana zaidi mwaka 1906, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya namna hii. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Mara nyingi mambo ya karibuni hupotea kwanza, ya zamani hubaki. Ndiyo maana bibi hamtambui mjukuu aliyezaliwa kambini, lakini njia ya shamba la baba yake anaijua. Tusibishane naye kwamba Fizi iko ng'ambo ya ziwa. Tumwulize habari za shamba hilo, mara nyingi atatulia. (Lakini mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, apelekwe kituo cha afya upesi. Huenda ni malaria au ugonjwa mwingine unaotibika.)

Na mtunzaji je? Shirika hilo linasema ndugu wanaotunza wagonjwa hawa hutumia wastani wa saa 5 kila siku, na asilimia 70 ya saa hizo hubebwa na wanawake. Kwetu ongeza maji, kuni na mstari wa mgao. Kule nyumbani mawifi na mashangazi wangepokezana. Vita vimewatawanya, amebaki mmoja. Akimfokea bibi mchana, usiku analia akidhani upendo wake umekwisha. Amechoka tu.

Sasa kila Jumanne mama wawili wa kanisa hukaa na bibi hadi adhuhuri, naye mtunzaji analala au anafua. Jumapili iliyopita alikuja ibadani. Akina baba bado hamjajitokeza, tunasema wazi. Siku ya mgao ujao tunahitaji wawili: wa kubeba chakula cha nyumba hiyo, na wa kukaa mlangoni bibi asipotee. Aliye tayari amwone shemasi wa zoni yake baada ya ibada.