Maneno ya filamu hayasikiki

SWALI: Nimefunga risiva, spika tano na sabufa nyumbani kisiwani Takawiri. Muziki na milio ya magari naisikia vizuri, lakini waigizaji wanachosema sikipati. Kasoro iko wapi?

JIBU: Anza na spika ya katikati, ile inayokaa chini ya televisheni. Katika mfumo wa 5.1 kama wako, sehemu kubwa ya mazungumzo hutokea hapo. Zima risiva, chomoa waya wa spika hiyo, uzitazame ncha zake. Shaba ikiwa imegeuka kijani, kata, menya upya na usokote nyuzi vizuri. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na pasiwe na uzi hata mmoja unaogusa upande wa pili. Hapo ndipo amplifaya nyingi huungulia.

Kisha fungua menyu ya spika, cheza sauti ya majaribio, uipandishe ya katikati kwa desibeli 2 au 3. Ikiwa huna spika hiyo, ifute kwenye menyu. Mazungumzo yatahamia kulia na kushoto.

Kama unatumia sola na spika zinanguruma hata filamu ikisimama, shuku inveta. Za bei rahisi hazitoi wimbi laini la umeme. Ijaribu risiva kwenye inveta ya wimbi safi kabla ya kumwita fundi kutoka Mbita.