Tezi ya Shingo na Wiki 12 za Mwanzo za Ujauzito

Shingoni, chini ya koromeo, ipo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iitwayo tezi dundumio. Homoni zake huongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na matumizi ya chakula. Aghalabu huikumbuka pale tu inapovimba na kuwa rovu.

Mama anaposhika mimba, tezi hiyo hufanya kazi kwa ajili ya watu wawili. Katika wiki 12 za mwanzo, mtoto hutegemea homoni za mama, na ndio wakati ubongo wake unapoanza kuumbika. Homoni zikipungua mno bila tiba, mimba huweza kuharibika, mtoto huweza kuzaliwa njiti, au ukuaji wa akili yake ukaathirika. Anayeanza kliniki mwezi wa tano huwa amekwisha kupitwa na kipindi hicho.

Dalili peke yake hazitoshi. Uchovu, kufunga choo na kuongezeka uzito ni mambo ya kawaida kwa wajawazito. Kinachobainisha ni kipimo cha damu kiitwacho TSH. Kiwango kikiwa juu, huashiria tezi iliyolegea. Kikiwa chini sana, huenda tezi inafanya kazi kupita kiasi; lakini hushuka kidogo chenyewe mwanzoni mwa ujauzito, hivyo majibu hufasiriwa na mtaalamu kwa kuzingatia umri wa mimba.

Si kila mjamzito hulazimika kupimwa. Mweleze mhudumu mapema, katika hudhurio la kwanza, iwapo:

- una rovu, au uliwahi kutibiwa au kupasuliwa tezi hiyo;
- mzazi au ndugu wa damu ana ugonjwa wa tezi;
- una kisukari cha aina ya kwanza;
- mimba zimeharibika mara kwa mara, au ulichelewa kushika mimba.

Pale ambapo zahanati haina kipimo, omba rufaa.

Tezi iliyolegea hutibiwa kwa vidonge vya levothairoksini, vimezwavyo tumbo likiwa tupu. Vidonge vya kuongeza damu vitolewavyo kliniki huzuia dawa hiyo kufyonzwa, hivyo viachanishwe kwa saa 4. Aliyekuwa akiitumia kabla ya mimba asiiache. Afike kituoni mara akosapo hedhi, kwa kuwa mara nyingi kipimo cha dawa huhitaji kuongezwa.

Kinga huanzia jikoni. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito apate maikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Katika nyanda za juu, mvua huyaosha madini hayo udongoni, na mazao hukosa. Kwa hiyo baba anunuapo chumvi, ahakikishe pakiti imeandikwa kuwa ina madini joto. Nyumbani ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva.