Kibanda cha Kulala Kwenye Pikapu: Hesabu za Kufanya Kabla ya Kukata Chuma

Magari ya watalii yenye paa la kuinuka ni jambo la kila siku katika barabara za Voi, hasa karibu na lango la Tsavo Mashariki. Paa likisukumwa juu, abiria husimama na kutazama ndovu bila kutoka nje. Wazo hilo hilo likiwekwa nyuma ya pikapu, na kuongezwa kuta za turubai na godoro, huwa chumba cha kulala. Gari likiwa safarini paa hushuka na kupita chini ya matawi. Jioni huinuliwa na mtu akasimama wima ndani.

Marekani na Australia vibanda vya aina hii huuzwa vikiwa vimekamilika. Hapa kwetu mwenye pikapu anaweza kutengenezewa na watu watatu: fundi wa juakali anayejua kuchomelea, mshonaji wa viti vya magari, na fundi wa sola. Stadi hizo ndizo zinazofundishwa katika vyuo vya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo kazi yenyewe haipaswi kumshinda fundi wa Voi, Mwatate au Taveta. Kinachoharibu ni hesabu ambazo hazikufanywa mapema, na baadhi yake zinahusu uhai wa watu watakaolala humo.

Uzito kwanza

Kila pikapu ina kikomo cha mzigo. Huandikwa katika kitabu cha mwongozo wa gari, na mara nyingi katika kibandiko au kibati kilicho kwenye fremu ya mlango. Kwa pikapu nyingi za milango minne, kikomo ni karibu tani moja. Wengi huichukulia tani hiyo kama ruhusa ya kupakia kilo 1,000 nyuma. Sivyo. Ndani yake wamo abiria, pamoja na kila kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: bampa ya chuma, keria, gurudumu la pili la akiba.

Chukua mfano wa familia ya watu wanne wenye kilo 250 kwa jumla. Zimebaki kilo 750. Pipu ya mraba ya inchi moja, yenye unene wa milimita 2, ina takriban kilo 1.5 kwa kila mita; fremu ya mita 40 ni kilo 60. Plaiwudi ya milimita 12, ile ya futi 8 kwa 4, ina karibu kilo 20. Sita ni kilo 120. Mabati ya nje, paa na turubai yapewe kilo 100. Godoro, kabati na blanketi 60. Betri moja ya asidi na paneli za sola 45. Maji, mitungi mitatu ya lita 20, ni kilo 60 kamili, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Gesi, jiko, vyombo, chakula na jeki 80. Jumla ni kilo 525.

Zimebaki 225, na nguo za watu wanne bado hazijapakiwa, wala friji. Sasa fundi aamue kutumia pipu yenye unene maradufu na plaiwudi ya milimita 18 ili kazi iwe ngumu. Zaidi ya kilo 100 zimeingia bila mtu kuziona. Katika kazi hii ugumu hupatikana kwa viungo vizuri na mihimili ya mshazari, wala si kwa chuma kinene. Mwenye uwezo atumie aluminiamu, ambayo kwa kipimo kile kile ina karibu thuluthi moja ya uzito wa chuma, ingawa si kila fundi anaweza kuichomelea na huenda ikabidi iungwe kwa bolti.

Mahali mzigo ulipokaa ni muhimu sawa na uzito wenyewe. Sanduku la nyuma la pikapu ya milango minne ni fupi, kwa hivyo kibanda hurefushwa hadi kikaning'inia nje ya bampa. Hapo gari hugeuka mizani. Kilo 100 zilizowekwa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita tatu, huongeza kilo 133 kwenye magurudumu ya nyuma na kuondoa kilo 33 kwenye ya mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayopinda kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Dereva atalihisi jambo hilo akiteremka kutoka Wundanyi kuelekea Mwatate, kwenye zile kona zinazofuatana. Maji, betri na chakula vikae mbele ya sanduku, karibu na kabini, na chini kabisa. Kwenye kingo za nyuma yakae mablanketi.

Kuna ushauri unaosikika gereji nyingi kwamba ukiongeza springi moja ya bapa nyuma, gari litabeba zaidi. Springi huzuia gari lisilale nyuma. Ekseli, breki, rimu na matairi hubaki yale yale, na kikomo cha mtengenezaji hakibadiliki. Njia ya uhakika ni kupima: gari likiwa tupu, kisha likiwa limepakiwa kila kitu na watu wameketi, kila ekseli peke yake. Baadhi ya machimbo ya mawe na maghala ya nafaka yana mizani ya magari, na mwenye mizani akiombwa vizuri huenda akakubali.

Kibanda kifungwe kwenye chesisi kwa pembe zote nne. Bati la sanduku ni jembamba, na bolti zilizoshikilia bati peke yake huanza kupasua matundu baada ya safari chache za barabara mbovu.

Paa na turubai

Paa huinuliwa na shoki za gesi, za aina ile inayoshikilia mlango wa nyuma wa gari dogo. Nguvu yake huchaguliwa kulingana na uzito wa paa. Tatizo huja baadaye, mwenye gari anapoweka paneli mbili za sola na keria juu ya paa lililokwisha kupimwa. Siku za kwanza linashika. Shoki zikichakaa, linashuka polepole, au linaanguka ghafla juu ya mtoto aliyetoa kichwa dirishani. Kwa hivyo kila upande uwe na nguzo ya chuma yenye pini, inayobeba paa zima bila msaada wa shoki. Gharama yake ni ndogo mno kulinganishwa na kazi nyingine zote, na bado ndiyo huachwa.

Kwa kuta, turubai la pamba linapumua lakini ni zito na huota ukungu likikunjwa likiwa bichi. La plastiki halipitishi maji wala hewa. Anayelala kwenye baridi ya milima ya Taita ndani ya kuta za plastiki ataamka na matone yakimdondokea akidhani mvua imepenya, kumbe ni pumzi za wenyewe zilizogandamana kwenye kuta. Turubai jipya la pamba hulowanishwa kabla ya safari na kuachwa likauke, mara mbili au tatu, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Madirisha ya wavu ni ya lazima kwa anayekwenda Taveta au Ziwa Jipe, kwa sababu ya mbu.

Viungo vya bati vizibwe kwa gundi ya bodi ya gari inayobaki laini kama mpira. Silikoni ya dukani, ile ya sinki, haishiki rangi, na tabaka jipya halishikani vizuri na la zamani. Siku ya kurekebisha, yote hukwanguliwa.

Hewa

Hapa hakuna nafasi ya kukosea. Jiko la makaa halipaswi kuingia ndani ya kibanda kwa sababu yoyote, hata likiwa limebaki na majivu mekundu na halitoi moshi. Kukosekana kwa moshi ndiko kunakodanganya. Makaa hayo yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala hazinduki. Vifo vya namna hii hutokea katika nyumba zenye vyumba vikubwa. Kibanda cha pikapu ni kidogo kuliko bafu. Jenereta au injini ya gari inayonguruma karibu na turubai ina hatari hiyo hiyo.

Gesi ya kupikia ina hila yake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja hutuama sakafuni na kungoja cheche. Mtungi ukae katika kisanduku kinachofunguka nje tu, chenye tundu sakafuni linalotoa gesi chini ya gari, mbali na ekzosi. Viungo vipimwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Wengi wenye uzoefu hupikia nje, na kwa hali ya hewa ya Tsavo ni vigumu kuona sababu ya kupikia ndani. Hata bila jiko, kibanda kiwe na tundu la hewa chini na jingine juu ambayo hayazibiki.

Umeme

Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa itadumu. Zimebaki 600. Friji ndogo ya wati 45, ikizunguka nusu ya siku kwa sababu ya joto la Voi, hula 540. Taa tatu za LED za wati 5 kwa saa nne ni 60. Simu nne ni karibu 60 nyingine. Jumla 660: betri imeshindwa siku ya kwanza ya mawingu. Paneli moja ya wati 100 hurudisha takriban 400 kwa siku ya jua zuri, kwa hivyo mwenye friji anahitaji paneli mbili. Asiye na friji anatosheka na moja, na kwa safari ya siku mbili kasha la barafu linafaa.

Waya mwembamba ndio ugonjwa wa kazi nyingi za nyumbani. Waya wa milimita mraba 1.5, urefu wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukipitisha ampea 10 hupoteza zaidi ya volti moja, na friji huzima ikidai betri imekwisha. Wa milimita mraba 6 hupoteza chini ya volti 0.3. Fyuzi ikae shubiri moja kutoka kwenye betri, upande wa chanya. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilicho kabla yake kinaweza kuungua bila kitu cha kukikata.

Kabla ya barabara

Mabadiliko ya muundo wa gari huhitaji ukaguzi wa NTSA na kurekebishwa kwa hati ya usajili, ile ambayo wengi huiita logbuku. Maombi hufanywa kupitia eCitizen. Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi. Gari lililobadilishwa kimyakimya huipa sababu ya kukataa fidia. Hakuna mtu anayepaswa kusafiri ndani ya kibanda, hata mtoto aliyelala. Anayepanga kukodisha gari kwa wageni ataanzia kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kisha leseni ya biashara ya kaunti.

Jaribio la kwanza lifanyiwe nyumbani. Paa liinuliwe, mtu mmoja amwagie maji kwa mpira kwa dakika 20 huku mwingine akikaa ndani na tochi na chaki, akichora kila panapovuja. Usiku familia nzima ilale humo, uani. Itajulikana nani anagonga kichwa wapi, na kama wote wanaweza kutoka gizani kwa haraka. Baada ya hapo kambi ya Ndololo, karibu na lango la Voi, iko karibu kiasi cha kurudi kwa fundi siku hiyo hiyo. Matunda yasiachwe ndani ya turubai huko. Nyani na ndovu hawasubiri zipu ifunguliwe.