Kupima Vinasaba vya Maji ya Bahari: Namna ya Kuwahi Viumbe Vamizi na Vimelea vya Samaki

Mwaka 1986, kwenye mlango wa mto Derwent kisiwani Tasmania, Australia, alipatikana kiti cha pweza aliyedhaniwa kuwa wa kienyeji. Ilipofika 1992 ndipo wataalamu walipotambua kwamba ni Asterias amurensis, mgeni kutoka bahari za Japani, Korea na Urusi. Miaka sita ilikuwa imekwenda na mgeni ameshazaana. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo milioni 20 kwa mwaka, na viluwiluwi wake huelea majini hata siku 120 kabla ya kutua chini. Mwaka 1995 akaonekana ghuba ya Port Phillip, mbele ya jiji la Melbourne. Kufikia 2000 idadi yake huko ilikadiriwa kupita milioni 100. Anakula kome, chaza na karibu kila chenye gamba, na mpaka leo hajaondolewa.

Darwin, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, mambo yalikwenda vingine. Machi 1999 wapiga mbizi walikuta kome wenye michirizi myeusi, Mytilopsis sallei, wenye asili ya Karibi na Amerika ya Kati, wamejazana katika bandari ya mashua ya Cullen Bay. Ukaguzi wa miezi michache nyuma haukuona hata mmoja. Bandari za mashua za Darwin zina milango ya kuzuia maji kwa kuwa kupwa na kujaa kwa bahari huko ni kukubwa mno, basi serikali ilifunga milango, ikamwaga klorini na mrututu, na kuua kila kilichokuwa hai ndani. Iligharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia, lakini kome walikwisha.

Milango ilisaidia, ila wangechelewa miaka sita kama Tasmania, milango isingefaa kitu. Kuwahi ndiko kunakookoa, na kipimo cha vinasaba kimeletwa kwa ajili hiyo.

Kila kiumbe kinachoishi majini huacha ute, ngozi, mayai au kinyesi, na vyote hivyo vina vinasaba vyake. Mtu huchota maji, huyachuja, kisha maabara hutafuta kwenye kichujio alama ya spishi moja maalumu kwa mashine ya PCR, ileile iliyozoeleka wakati wa korona. Australia Kusini, watafiti wa taasisi ya SARDI huvuta wavu wenye matundu madogo sana bandarini na kupima kilichonaswa. Viluwiluwi wa spishi mbalimbali hufanana mno hata chini ya darubini. Vinasaba vyao havifanani.

Karatasi ya majibu inahitaji kusomwa kwa makini. Mashine huzidisha vinasaba mara mbili kila mzunguko, kwa kawaida hadi mizunguko 40, na huandika ni mzunguko wa ngapi alama ilipoonekana. Namba ndogo ina maana vinasaba vilikuwa vingi. Sampuli iliyojitokeza mzunguko wa 24 ina vinasaba takriban mara elfu moja zaidi ya ile ya 34. Jibu la 38, katika jaribio moja kati ya matatu, ni dalili tu: rudi ukachote tena, usifunge bandari. Uliza pia jibu la chupa tupu, yaani maji safi yaliyobebwa na kuchujwa pamoja na sampuli. Chupa hiyo ikionyesha mgeni, kuna uchafu umeingia na majibu yote ya siku hiyo hayategemewi.

Makosa mengi huanzia kwenye mashua. Vaa glovu mpya kila kituo. Osha vifaa kwa dawa ya klorini, kisha visuuze vizuri kwa maji safi. Chota upande ambao mkono wako na maji ya mashua havijafika, lita moja au mbili, na uchote sehemu kadhaa, kwa sababu vinasaba havisambai sawasawa. Weka chupa kwenye barafu, mbali na jua, na uchuje siku hiyohiyo, kisha hifadhi kichujio kwenye spiriti kali au kwenye friza. Maji ya mikoko na yenye tope huzuia PCR kufanya kazi, kwa hiyo ieleze maabara ulichota wapi ili ipime kama kuna kizuizi. Bila hivyo unaweza kuambiwa hakuna kitu wakati kipo.

Kwa wafugaji wa samaki, mantiki ni ileile. Norway iligundua mnyoo Gyrodactylus salaris mwaka 1975. Ana urefu wa nusu milimita hivi, hung'ang'ania ngozi na mapezi ya samoni, na huzaa mtoto ambaye tayari ana mtoto mwingine tumboni. Mito kama 50 iliambukizwa, na tiba kuu ikawa kuua samaki wote wa mto kwa sumu ya rotenoni. Zamani kumtafuta kulimaanisha kukamata na kuua samoni wengi. Sasa wataalamu wa huko huweza kuchuja maji ya mto na kupima vinasaba vya mnyoo pamoja na vya samaki wenyewe, ili wajue kama sampuli ilifaa. Kaskazini mwa Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook walipima maji ya mabwawa ya samaki aina ya barramundi wakitafuta kimelea Chilodonella, ili mlipuko utabirike kabla samaki hawajafa.

Kipimo hiki hakisemi kama kiumbe yu hai. Vinasaba vinaweza kuwa vimetoka kwenye maji ya farumi, yaani yale ya kuipa meli uzito, yaliyomwagwa na meli jana, au kwenye mabaki ya soko la samaki. Baharini vinasaba huoza ndani ya saa au siku chache, hivyo jibu chanya linalojirudia wiki hadi wiki lina uzito kuliko la mara moja. Nalo jibu hasi halithibitishi kwamba mgeni hayupo. Mpiga mbizi bado anahitajika, na mfugaji wa samaki bado anapaswa kukagua matamvua.

Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi ulipitishwa 2004 na kuanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Hata hivyo viumbe husafiri pia wamejishika kwenye sehemu ya chini ya meli na maboya. Wewe unayefanya kazi gatini, kwenye vizimba au kwenye mashamba ya mwani, ukiona kome au kiti cha pweza usichowahi kukiona, usikirudishe majini. Kipige picha, andika mahali na tarehe, kitie kwenye spiriti, halafu kipeleke kwa BMU yako (kikundi cha usimamizi wa fukwe) au ofisa uvuvi ili kifike kwenye taasisi ya utafiti: TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya au Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar. Fanya hivyo siku hiyohiyo.